Degedege kwenye usaili wa urubani: kisa cha kijana wa Gongo la Mboto

Barua pepe ya shirika la ndege ilikuwa fupi. Nafasi ya ukadeti, yaani ya mwanafunzi wa urubani, aliyopewa kijana kwa masharti imesimamishwa, na haitaendelea mpaka atoe ufafanuzi wa tofauti zilizomo katika maelezo yake ya afya. Kijana ana miaka 21, anaishi Gongo la Mboto kwa mjomba wake, na kidato cha sita alimaliza kwa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati). Vipimo vya daktari alikuwa amefaulu vyote: macho, masikio, moyo, mkojo, damu. Mtaani walishaanza kumwita kapteni.

Faili nililetewa na mjomba. Mimi ni rubani, na ukiwa rubani katika mitaa ya karibu na uwanja wa ndege, watu watakuletea watoto wao tu. Nimebadili mambo madogo ili kijana asitambulike, na shirika lenyewe silitaji. Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu ugonjwa wenyewe haukuwa na uwezo wa kumzuia kuruka. Kilichomzuia ni kwamba kila chumba alichoingia alikitengenezea majibu yake, akasahau kwamba karatasi za vyumba vyote huishia kwenye meza moja.

Hatua za mwanzo sina mengi ya kusema, alizivuka vizuri. Maombi yalikwenda kwa mtandao pamoja na vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, pasipoti na barua. Mashirika huangalia sana fizikia, hisabati na Kiingereza, na umri lazima uwe umefika miaka 18, maana chini ya hapo leseni ya rubani wa biashara haitolewi.

Mtihani wa kompyuta ndio unaowachuja wengi, na wanaoanguka si wajinga. Unaambiwa mkono mmoja ushike fimbo uzuie kidoti kisitoke katikati ya kioo, huku sauti masikioni ikikusomea hesabu: ndege inakwenda maili 420 kwa saa, imebakiza maili 105, itafika baada ya dakika ngapi? Robo saa. Rahisi, mpaka kidoti kianze kukukimbia. Huyu alikuwa amejinoa ndani ya daladala la Gongo la Mboto kwenda Posta, anagawa umbali kwa mwendo kichwani akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye bomba. Njia hiyo sikumfundisha mimi, ila tangu anieleze nawaambia wengine. Zoezi la kundi nalo alilipita, nadhani kwa sababu alimgeukia binti aliyekuwa kimya akamwuliza maoni yake. Wasahihishaji wanakaa pembeni wakingoja kitu kama hicho, kuliko wanavyomngoja yule anayeongea sana.

Sasa tufike kwenye jopo, kwa sababu ndiko mambo yalikoharibikia bila mtu kujua.

Walikuwa watatu: afisa wa rasilimali watu, kapteni mwalimu, na mtu wa idara ya mafunzo. Kapteni alianza na swali la kushuka. Uko futi 36,000, unatakiwa ufike futi 6,000, uanze kushuka ukiwa umbali gani? Kijana akajibu kwamba anapoteza futi 30,000, kila futi elfu huhitaji maili kama 3, kwa hiyo anachukua 30 anazidisha kwa 3, anapata maili 90, na anaongeza nyingine kama 10 za kupunguza mwendo. Jibu zuri kabisa. Wakamwuliza kwa nini anataka kuruka nao, akajibu kwa kutaja ndege zao na njia zao, hakuishia kwenye "tangu utotoni napenda ndege". Mpaka hapo alikuwa anawaongoza wenzake.

Ndipo afisa wa rasilimali watu akamwuliza swali ambalo haliachi kuulizwa: tueleze wakati mgumu uliowahi kupitia na jinsi ulivyoutoka.

Alikuwa amejiandaa nalo. Akasimulia kwamba akiwa darasa la kwanza kijijini Korogwe alishikwa na degedege usiku wa manane. Bibi yake alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha lori la machungwa, wakafika hospitali ya wilaya. Alipoteza fahamu siku mbili. Alipozinduka alisikia mlio wa ndege ndogo ikipita juu ya paa, na hapo ndoto ikazaliwa. (Ndoto za urubani zilizozaliwa hospitalini nimezisikia nyingi kuliko zinavyoweza kuwa za kweli.)

Kapteni hakumsifu. Aliuliza mambo mawili tu.

"Ulikuwa na umri gani?"

"Miaka saba, kapteni."

"Na fahamu zilikupotea siku mbili?"

"Kama mbili hivi."

Kapteni akaandika, akashukuru, wakaendelea. Kijana alitoka akiwa na uhakika kwamba simulizi imewagusa. Imewagusa kweli, ila si pale alipodhani.

Baada ya muda mfupi ikaja barua ya nafasi kwa masharti: apate cheti cha afya cha Daraja la 1, kile cha marubani wa biashara, kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na atie saini ya ridhaa kwamba nakala ya taarifa iende kwa daktari mshauri wa shirika. Saini akatia bila kusoma. Nani husoma ridhaa?

Watu huogopa vipimo hivi kwa sababu zisizo sahihi, kwa hiyo nigusie kidogo. Viwango vinatoka kwenye Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho nchi wanachama wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, hukiingiza katika kanuni zao. Macho: kila jicho peke yake lifikie 6/9 (lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9), na yote mawili pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani. Miwani haimfukuzi mtu, anachotakiwa ni kuwa na jozi ya akiba. Rangi hupimwa kwa vibao vya vidoti vyenye namba iliyojificha ndani, na hapa kweli kuna wanaoanguka wasijue kwa nini, maana maisha yao yote hawajawahi kujua kwamba hawaoni rangi kama wenzao. Masikio hupimwa ndani ya kibanda kisichopitisha sauti. Umeme wa moyo hupimwa mara ya kwanza unapoomba, kisha kila miaka 2 ukishapita miaka 30, na kila mwaka ukishapita 50. Cheti chenyewe kwa kijana huwa cha miezi 12. Hakuna kuruka mbio wala kubeba gunia, wala kuvuliwa nguo mbele ya jopo, ingawa uvumi huo bado unazunguka.

Kabla ya vipimo hivyo vyote kuna fomu ya historia. Umewahi kupoteza fahamu kwa sababu yoyote? Umewahi kupata kifafa au degedege? Umewahi kulazwa? Maswali ni mengi na kila moja lina kisanduku cha ndiyo na cha hapana.

Nakala ya fomu yake niliishika mkononi. Hakuweka alama kisanduku kimoja kimoja. Alipiga mstari mmoja mrefu wa kalamu ya bluu kutoka juu mpaka chini kwenye safu ya hapana. Umenyooka vizuri, bila shaka alitumia rula. Daktari aliyeipokea alipaswa kuirudisha pale pale, akae naye waulizane swali kwa swali. Hakufanya hivyo, akaendelea na vipimo.

Ushauri wa mstari ulitoka kwenye kundi la WhatsApp la waombaji. Humo kuna kanuni inayorudiwa kama dua: fomu ya afya jaza hapana kote, wao watafute wenyewe. Sumu hii nimeikuta kwa vijana wengi na sioni dalili ya kuisha, kwa kuwa anayeitoa ni yule aliyejaza hapana akapita. Aliyejaza hapana akakwama hakai kwenye kundi kutoa ushuhuda.

Daktari mshauri wa shirika alipofungua faili akakuta karatasi mbili. Moja ina maandishi ya kapteni: miaka 7, degedege, fahamu siku mbili, daktari aangalie. Nyingine ina mstari wa bluu.

Mjomba hapa alikuwa na hasira. Yaani kijana ananyimwa riziki kwa homa ya utotoni? Nusu ya watu wa Tanga si wameugua malaria? Ilibidi tukae tuisome simulizi kama daktari anavyoisoma.

Degedege la homa hutokea kwa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Likija mara moja, likatikisa mwili mzima, likaisha ndani ya dakika 15, mtoto akarudiwa na fahamu na halikurudi tena bila homa, madaktari wa usafiri wa anga kwa kawaida hawalifanyi kikwazo. Mamlaka ya anga ya Marekani, kwa mfano, humruhusu daktari kutoa cheti pale lilipotokea mara moja kabla ya miaka 5, halikujirudia, na mtu ana miaka 3 au zaidi bila dawa. Kumbe simulizi ya mbele ya jopo ilikuwa na mtoto wa miaka 7, asiye na fahamu siku mbili. Huyo ameshavuka umri wa degedege la homa, na siku mbili hizo zinafanana na malaria iliyopanda kichwani, ambayo inajulikana kuwaachia baadhi ya watoto kifafa miaka ya baadaye. Kiambatisho cha 1 kinataka mwombaji asiwe na historia ya kifafa, wala ya kupoteza fahamu kusiko na maelezo ya kitabibu ya kuridhisha. Kwa maneno yake mwenyewe kijana alikuwa amejiweka kwenye mashaka hayo, na kwa fomu yake akawa amefuta maelezo ambayo yangemtoa.

Kisha kuna uongo wenyewe. Kiambatisho hicho hicho kinaagiza tamko lolote la uongo kwa daktari mpimaji liripotiwe kwa mamlaka inayotoa leseni. Tangu tarehe 24 Machi 2015 hakuna shirika linalolichukulia hili kama urasimu. Siku hiyo rubani msaidizi wa Germanwings aliiangusha kwa makusudi ndege kwenye milima ya Alps huko Ufaransa, wakafa watu wote 150. Alikuwa amemficha mwajiri ugonjwa wake, na nyumbani kwake zikakutwa karatasi za daktari za kumpumzisha kazini, zimechanwa. Kijana wetu na mtu yule hawana kinachowafananisha. Daktari mshauri naye hamjui kijana, anaijua faili. Na faili inamwambia kwamba mwombaji huyu, akiona jambo la afya linaweza kumharibia, analificha.

Ukweli ulikuwa wapi? Tulimwita mama yake kutoka Korogwe.

Alifika na mkoba uliofungwa mdomo kwa kitenge, akakaa, na kabla hatujamaliza kusalimiana akasema, "Mwanangu hana kifafa. Nani kasema ana kifafa?"

"Hakuna aliyesema hivyo, mama."

"Maana nina mabinti wawili ndani hawajaolewa."

Hapo ndipo nilipoelewa mstari wa bluu. Kundi la WhatsApp lilitoa kisingizio tu. Ndani ya nyumba ile jina la ugonjwa huo halikutajwa miaka yote, kwa sababu likishatoka nje linawafuata mabinti mpaka kwa wakwe. Bibi mwenyewe usiku ule alianza kwa kumfukiza mtoto na kumpaka majani, kama walivyofanya wengi walioamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Aliyelazimisha safari ya hospitali ni mama. Lori la machungwa ni kweli. Bibi kubeba mgongoni ni kweli. Mengine kijana aliyashona mwenyewe, baada ya kuambiwa na mtu aliyemfundisha usaili kwamba simulizi nzuri lazima iwe na mwanzo, katikati na mwisho.

Mama alifungua kitenge akatoa kadi ya kliniki. Imechakaa kwenye mikunjo na imegandishwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Ukurasa wa kati una ile chati ya uzito: vidoti vinapanda mwezi hadi mwezi, kwenye mwezi wa 28 kimoja kinashuka ghafla, miwili baadaye mstari umerudi njia yake. Pembeni nesi aliandika kwa mkono: homa, degedege mara 1, vijidudu vya malaria vimeonekana, amelazwa, dripu ya kwinini. Siku ya pili yake: anacheza, ananyonya, ameruhusiwa.

Miezi 28, si miaka 7. Usiku mmoja, si siku mbili.

Kwa kadi ile akaenda kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Maswali yalikuwa mengi kuliko vipimo: lilidumu muda gani, mwili wote au upande mmoja, alizinduka katikati, limewahi kurudi, amewahi kuanguka shuleni, kuna ndugu mwenye kifafa, usingizi wake ukoje. Mama alijibu yote. Kipimo cha umeme wa ubongo kikatoka bila kasoro. Ripoti ikasema ni degedege la homa lililotokana na malaria, mara moja, halijaacha athari.

Kazi ngumu ikawa barua. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za kuomba radhi, ina Mungu, ina marehemu baba, ina ahadi. Tuliikata mpaka ikabaki hivi:

"Katika fomu ya historia ya afya nilijibu hapana kwenye maswali ya kupoteza fahamu, degedege na kulazwa. Majibu hayo si sahihi. Nilipata degedege la homa mara moja nikiwa na miezi 28, nikalazwa kwa malaria. Nakala ya kadi ya kliniki na ripoti ya daktari bingwa zimeambatishwa. Katika usaili nilisema nilikuwa na miaka saba na kwamba nilipoteza fahamu siku mbili. Hilo nalo si sahihi."

Sentensi mbili za mwisho aligoma kuziandika. Ya fomu alikuwa tayari kuyakiri, maana kila mtu hujaza hivyo. Ya usaili aliona aibu. Mbele ya watu watatu waliomsikiliza kwa makini, aseme ameongeza chumvi? Akapendekeza tuseme "kumbukumbu yangu haikuwa sahihi". Nikamwuliza: wewe unaikumbuka siku hiyo? Akasema hapana. Basi kumbukumbu gani haikuwa sahihi? Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaziandika.

Nilisisitiza hivyo kwa sababu ya kazi yenyewe kuliko maadili. Bila sentensi zile ripoti ya daktari bingwa ingemweleza mtoto wa miezi 28 huku maandishi ya kapteni yakimweleza wa miaka 7, na yeyote anayesoma faili angeuliza kama kulikuwa na tukio la pili. Na degedege la pili, katika umri wa miaka 7, ni habari nyingine kabisa.

Barua ilipelekwa kwa daktari mpimaji, kwa TCAA na kwa shirika, maneno yale yale kote. Cheti cha Daraja la 1 kikathibitishwa bila kizuizi. Shirika lilijibu kwamba limeridhika na upande wa afya, ila darasa limeshaanza na nafasi imekwenda kwa mtu wa akiba. Anaruhusiwa kuomba tena awamu ijayo, kuanzia hatua ya kwanza.

Mjomba anasema wamemkomoa. Mimi siamini hivyo. Ratiba ya mafunzo haingoji mtu: masomo ya darasani, kisha saa za kuruka, 200 kwa leseni ya biashara au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa inayounganisha yote. Darasa linapangiwa walimu na ndege mapema, na anayechelewa anawarudisha wengine nyuma. Ninachowalaumu ni kimoja. Kapteni aliposikia habari ya kupoteza fahamu, mtu mmoja pale mezani angeweza kumwambia: hili utalieleza kwa daktari, tafuta karatasi zake. Lingechukua nusu dakika. Ila siwezi kusema lilikuwa jukumu lao.

Vijana wanaoniuliza sasa nawauliza nami kama mama zao bado wana kadi za kliniki. Wanacheka. Nawaambia pia waende kupimwa Daraja la 1 kabla ukoo haujauza kiwanja cha Chanika kulipia shule ya urubani, na wapige picha fomu yao baada ya kuijaza ili mwaka unaofuata wasijichanganye, maana fomu hiyo itajazwa kila mwaka maisha yao yote ya kazi.

Kijana ameomba tena. Swali la wakati mgumu amelitafutia jibu jingine, la duka la mjomba lililoibiwa na jinsi walivyozirudisha sawa hesabu zake. Halina ndege inayopita juu ya paa. Mjomba mpaka leo anashikilia kwamba kosa la mpwa wake lilikuwa kusimulia, wala si kuficha, na kwamba angekaa kimya kote kote sasa hivi angekuwa darasani. Tumebishana mara nyingi, na kila nikipita dukani kwake ananianza upya.